Mtazame Mwana Kabla ya Kuitazama Nchi



Ama baada ya kumhimidi Mola wetu na kumswalia Mtume wake (S.A.W.), wapenzi wasomaji, na hasa mama zangu na dada zangu mlio walezi wa nyumba hizi, leo nataka tulizungumze swali ambalo huzuka kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa. Mwana amefaulu, alhamdulillah. Je, akasome wapi? Nyumba nyingi zenye jamaa wa kuchangiana, huku Wote kama huko Mombasa na Malindi, huishia kuzitaja nchi mbili za Asia: India na Malaysia.

Huku Makueni swali hili si la mchezo. Karo ya ughaibuni yaweza kumeza maembe ya misimu kadhaa, au kipande cha shamba alichokiacha babu. Tena kinachosafiri si fedha pekee. Husafiri mwana, na huenda akakaa miaka minne mitano mbali na macho ya mamaye. Jawabu lisikikalo mara nyingi ni hili: Malaysia ni nchi ya Waislamu, huko dini yake itasalimika, India Waislamu ni wachache, huko atapotea. Jawabu hilo lina sehemu ya ukweli, lakini halitoshi mtu kuuzia shamba.

Kwanza tukumbuke kwamba safari ya elimu si bidaa kwetu. Katika Suratul Kahf tunasoma habari za Nabii Musa (A.S.), mtume mwenye kitabu, aliyefunga safari ndefu ili ajifunze kwa mja aliyepewa elimu asiyokuwa nayo yeye. Mashekhe wa mwambao walikwenda Hadhramaut na Makka. Ilipopata uhuru, India nayo ikafungua mlango: mwaka 1948 Apa Pant aliwasili Nairobi kuiwakilisha India huru, na katika zama zile vijana wa Kiafrika wa Kenya walianza kupewa ufadhili wa kusoma huko. Malaysia ilikuja baadaye, na kwa Waislamu mlango wake mkubwa ulifunguka mwaka 1983, kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu.

Natuanze na Malaysia. Katika chuo hicho, ambacho makao yake makuu yako Gombak, pembeni ya Kuala Lumpur, masomo hutolewa kwa Kiingereza na Kiarabu. Mabweni huitwa mahallah, ya wanaume mbali na ya wanawake mbali, na mengi yamepewa majina ya masahaba na ya wanawake wema wa Kiislamu. Kitivo huitwa kulliyyah. Wamalei ni watu wa madhehebu ya Shafi, kama sisi. Kijana wetu akisimama nyuma ya imamu alfajiri atasikia kunuti ile ile aliyoizoea. Hata chakula hakitamtupa mkono, kwani nasi lemak wanayoipenda ni wali uliopikwa kwa tui la nazi. Neno moja tu litamchekesha: akisikia mtu anaitwa kakak, ajue si kaka huyo, bali ni dada mkubwa.

Vijana wa Malaysia wana ada yao waiitayo lepak, na mtu wa pwani haihitajii kamusi, kwani ndiyo kubarizi. Hukaa katika mikahawa ya mamak, ambayo asili yake ni ya Waislamu wenye nasaba ya India ya kusini, na mingi hufunguliwa usiku na mchana. Hunywa chai ya maziwa iliyovutwa kutoka kikombe hiki hadi kile, hutazama mpira, huzungumza. Si haramu hiyo. Lakini mkahawa usiofunga mlango haumwambii kijana kwamba sasa ni wakati wa kulala. Tena si kila aendaye Malaysia huenda Gombak. Wengi huingia vyuo vya binafsi, hupanga nyumba katika maghorofa, vijana wanne watano pamoja, pasi na mlezi wala mlinzi wa bweni. Nchi ni ya Waislamu, lakini chumba ni chao wenyewe.

Sasa tuvuke bahari hadi India. Huko Waislamu walikuwa kama asilimia 14 ya watu wote kwa sensa ya mwaka 2011. Wachache kwa hesabu ya nchi, lakini ni zaidi ya watu milioni 170. Wana vyuo vyenye historia ndefu. Sir Syed Ahmad Khan alianzisha chuo Aligarh mwaka 1875, nacho kikawa chuo kikuu mwaka 1920. Mwaka huo huo wa 1920 ikazaliwa Jamia Millia Islamia, ambayo baadaye ilihamia Delhi. Humo msichana mwenye hijabu si kioja, na adhana husikika. Ila mwana wetu aambiwe mapema kwamba Waislamu wengi wa kaskazini ya India ni Hanafi: hawasomi kunuti alfajiri, na alasiri yao huja baada ya yetu. Asije akadhani watu wale wamepotoka, wala asije akatoka kwenye jamaa kwa sababu hiyo.

Wengi wa vijana wetu, hata hivyo, hujikuta Pune, Bengaluru au Hyderabad, wakisoma udaktari wa dawa, kompyuta au biashara. Huko maisha ya mwanafunzi yana ratiba nzito. Vyuo vingi humtaka ahudhurie asilimia 75 ya mihadhara kabla ya kuketi mtihani. Mabweni ya wasichana mengi hufunga lango mapema usiku, jambo ambalo mama zao hulishukuru na wao wenyewe hulilalamikia. Mwaka 2015 wasichana wa vyuo vya Delhi waliandamana kulipinga. Kriketi huwapagawisha vijana kama mpira huku kwetu. Uonevu wa wanafunzi wapya, ule tuujuao katika shule za bweni za Kenya, nako ulikuwa donda ndugu hata Mahakama ya Juu ikaukataza mwaka 2001, na mwaka 2009 vyuo vikawekewa kanuni kali dhidi yake.

Katika siasa nchi hizi mbili zimeachana sana. India chama cha wanafunzi ni uwanja wa siasa hasa, na vyama vikubwa vya nchi vina matawi yao ndani ya vyuo. Malaysia sheria ya mwaka 1971 iliwafunga wanafunzi mikono katika siasa kwa miaka mingi, kisha ikalegezwa kidogo kidogo, na mwaka 2019 bunge likapitisha umri wa kupiga kura uwe miaka 18. Kwa mgeni nasaha ni moja kote kuwili: maandamano si yake. Aliyeingia kwa viza ya masomo ashike masomo.

Na hatari je? Tusifichane. India, mwaka 2016, mwanafunzi wa kike kutoka Tanzania alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru kwa kosa asilolitenda. Mwaka 2022 jimbo la Karnataka lilizuia hijabu katika madarasa ya vyuo vya kabla ya chuo kikuu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu na majaji wawili wakatofautiana. Machi 2024, mwezi wa Ramadhani, wanafunzi wa kigeni waliokuwa wakiswali tarawehe bwenini katika Chuo Kikuu cha Gujarat walivamiwa wakajeruhiwa. Lakini Malaysia nako, wapangishaji wengine hukataa kumpa Mwafrika nyumba kwa rangi yake, na mwaka 2019 mwanafunzi wa uzamifu kutoka Nigeria alifia katika kizuizi cha idara ya uhamiaji. Wakaaji wa nchi zote mbili wamo wema wengi, na wamo wasiomtakia mgeni heri. Kusema shahada pamoja na wenyeji hakumwondolei mtu weusi wake machoni pa mbaguzi.

Ndipo ninaposema: kabla ya kuitazama nchi, mtazame mwana.

Sisi wa Wote ni wachache. Mtoto wetu hukua akiwa Mwislamu peke yake darasani, au mmoja wa wawili watatu. Ameshazoea kuulizwa kwa nini hali mchana wa Ramadhani, na ameshajifunza kujibu kwa upole. Swala yake haisukumwi na umati, ameishika mwenyewe. Mtoto wa namna hii, akiwa ameishika kweli, aweza kukaa Pune au Hyderabad asitetereke, kwa kuwa uchache si jambo geni kwake. Tena huku kwetu Wahindi si wageni. Pale Makindu, kwenye njia ya Mombasa, Masingasinga wamekuwa na hekalu lao tangu 1926, na msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bure. Mtoto aliyekua akiyaona hayo ameshajua kumheshimu mtu bila kuifuata dini yake.

Mtoto aliyelelewa katika mtaa wa misikiti, anayeswali kwa kuwa ndugu na majirani wote wanaswali, huyo dini yake imebebwa na mtaa. Hilo si aibu, ni neema. Lakini ukimwondoa mtaani, lazima umtafutie mtaa mwingine wa kumbeba, na kwake Gombak ni bora. Vivyo hivyo mtoto wa Wote aliyechoka kuwa mpweke, ambaye swala yake imeanza kulegea kwa kukosa wenzi. Huyo naye anahitaji umati wa kheri. Ila asipelekwe Malaysia kwa jina la nchi tu, kisha akaachwa katika nyumba ya kupanga. Hapo atakuwa amekosa vyote viwili: mtaa wa kumbeba na mazoea ya kusimama mwenyewe.

Basi, mzazi, usimuulize wakala wa vyuo kama nchi ni nzuri, kwani yeye hulipwa kwa kila kichwa. Muulize mwanafunzi aliyeko huko: wapi hulala, na nani, na baada ya alasiri hadi usiku hufanya nini? Darasa hujulikana kwa ratiba. Saa zile nyingine ndizo zimleazo kijana au zimharibuzo. Hakikisha pia na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mjini Nairobi kwamba shahada hiyo itatambuliwa, kabla hujatoa shilingi. Kwa binti, maneno ya wanazuoni kuhusu safari bila maharimu yapo. Kaeni na mwanazuoni wenu mkiwa pamoja naye, msimkatie shauri akiwa jikoni.

Na jambo la mwisho ni dogo, lakini lina faida. Ukimpigia mwanao simu saa mbili usiku, baada ya isha, India itakuwa saa nne na nusu usiku, na Malaysia saa saba usiku. Akipokea kila siku saa saba ile kwa sauti changamfu na kelele za mkahawa nyuma yake, usimkaripie. Muulize kwa upole alfajiri huamka saa ngapi.

Mola awahifadhi wana wetu walio safarini, awape elimu yenye manufaa, na awarejeshe kwetu wakiwa salama wa dini na wa mwili. Amin. Wabillahi tawfiq.