Tusiandike Jina la Mti Peke Yake

Mwanafunzi anapotumwa kuorodhesha miti ya dawa ya kijijini kwake, aghalabu hurudi na karatasi yenye safu mbili: jina la mti na jina la ugonjwa. Kwa maoni yangu, orodha ya namna hiyo haiifai sayansi sana, tena humdhulumu mganga aliyehojiwa.

Tutazame mfano wa China. Katika karne ya 4, tabibu Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa za vipindi atwae konzi moja ya mmea uitwao qinghao, auloweke majini, aukamue, kisha anywe maji yake. Mwaka 1971, mtaalamu Tu Youyou, ambaye majaribio yake juu ya mmea huo yalikuwa yakitoa matokeo yasiyotegemeka, aliyasoma tena maneno hayo. Akatambua kuwa moto haukutajwa. Je, haikuwa joto ndilo lililoiharibu dawa? Akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na panya wenye malaria wakapona. Hivyo ndivyo ilivyopatikana artemisinini, asili ya dawa mseto itolewayo leo katika zahanati zetu. Mwaka 2015 mama huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Lau Ge Hong angaliandika jina la mmea na la ugonjwa tu, ufunguo huo usingalikuwapo.

Waganga wetu nao hutofautisha mzizi na gome, jani bichi na kavu, kuloweka na kuchemsha. Wapo wanaoyaita yote hayo ushirikina, na wapo wanaoyakubali yote bila kuyapima. Pande zote mbili zimeikimbia kazi ya uchunguzi. Tangu 1974 kazi hiyo inafanywa Muhimbili, lakini maabara haiwezi kupima jambo ambalo halikuelezwa.

Basi, walimu, wafundisheni vijana kuuliza: ni sehemu gani ya mti, kiasi gani, maji baridi au moto, kwa muda gani, na nani hukatazwa kuinywa? Wakaushe tawi lenye maua kati ya magazeti, kwa kuwa jina moja huweza kuitwa miti miwili. Wasionje, kwani mti uponyao huweza pia kudhuru. Na kabla ya kuandika neno lolote, wamwombe mganga idhini, na walitaje jina lake akiridhia. Elimu hiyo ni mali yake.