Alisahauliwa na Nani?

Kila atajwapo Sixto Rodriguez, mwimbaji wa roki wa Detroit, Marekani, twaambiwa kuwa "alisahauliwa" mpaka filamu ya mwaka 2012 "ilipomvumbua". Maneno hayo siyakubali hata kidogo. Ni kweli kwamba santuri zake mbili, Cold Fact (1970) na Coming from Reality (1971), kwao zilipata wanunuzi wachache mno. Lakini Afrika Kusini zilipendwa miaka na miaka, naye akaenda kuimba huko mwaka 1998. Australia alikwisha kuizuru mwaka 1979, jambo ambalo filamu hiyo (ajabu!) imelinyamazia. Kauli ya kutendwa humficha mtenda. Je, wasikilizaji hao hawakuwa na masikio? Walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika "alisahauliwa", mwulizeni: na nani?