Pumu Kali Si Hukumu ya Kukaa Barazani

Maramba ni mahali ambapo mwili ndio mtaji. Mji huu mdogo wa Wilaya ya Mkinga umekaa chini ya milima ya Usambara Mashariki, na wengi wa wakazi wake huishi kwa jembe, kwa mzigo wa kichwani na kwa mwendo wa miguu. Nje ya Tanga, jina lake hujulikana zaidi kwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambako vijana hukimbia mchakamchaka. Mahali kama hapo, mtu anayeambiwa na tabibu wake, "Una pumu kali, usilime, usibebe mzigo, usikimbie," anapewa zaidi ya ushauri wa afya. Anaondolewa riziki yake, na mara nyingi heshima yake nyumbani pia.

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na umezoeleka kiasi cha kutohojiwa. Mimi nauhoji. Katika miaka niliyotibu magonjwa ya kifua nimeona kwamba wengi wa wanaotufikia kutoka vijijini wakiwa na karatasi zilizoandikwa "pumu kali" wana ugonjwa ambao dawa yake ya msingi haijawahi kuwafikia. Tunapowakataza kazi na mwendo, tunawatwika wao mzigo wa upungufu wa huduma zetu.

Ili hoja hii ieleweke, yafaa tukumbuke pumu ni nini. Ndani ya mapafu ya mwenye pumu hutokea mambo mawili. La kwanza ni misuli ya njia za hewa kukaza ghafla, mgonjwa akaanza kukoroma kifuani na kutafuta pumzi. La pili halina kelele: kuta za njia hizo huvimba na kutoa ute mzito, hata siku ambazo mgonjwa anajiona mzima. Salbutamoli, dawa ya lile kopo la buluu la kuvuta ambalo wengi huliita inhela, hulegeza misuli kwa dakika chache, na nafuu yake hudumu saa nne hadi sita. Uvimbe hauugusi. Dawa inayoutuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi. Hii hufanya kazi polepole, kwa siku na majuma, na kwa mwenye pumu kali hutumika kila siku bila kungoja kifua kibane.

Anayetumia salbutamoli pekee ni sawa na mwenye nyumba anayekinga ndoo chini ya paa linalovuja kila mvua inaponyesha. Sakafu haitalowa leo, lakini boriti zinaoza. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 mpango wa kimataifa unaotoa miongozo ya pumu, GINA, uliacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana. Ushahidi ulikuwa umeonyesha kuwa kutegemea dawa ya kufungua bila dawa ya kinga huambatana na mashambulizi makali zaidi na vifo. Tangu hapo pendekezo ni kwamba kila mgonjwa wa rika hilo apate steroidi ya kuvuta kwa namna moja au nyingine.

Linganisha pendekezo hilo na safari ya kawaida ya mgonjwa wa pwani yetu. Kifua kinambana usiku. Alfajiri anabebwa kwa pikipiki hadi zahanati, anachomwa aminofilini au, akibahatika, anavutishwa dawa kwa mashine. Anarudi nyumbani na vidonge vya salbutamoli na prednisoloni ya siku tano. Mwezi ujao anarudia safari ileile. Vidonge vya salbutamoli huchelewa kufanya kazi kuliko dawa ya kuvuta, na hutetemesha mikono na kuuendesha moyo mbio. Prednisoloni huokoa maisha wakati wa shambulio, lakini ikirudiwa mara kwa mara hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na huweza kuleta mtoto wa jicho. Basi mgonjwa anazidi kudhoofika, nasi tunauita udhoofu huo "ukali wa ugonjwa".

Pumu kali ya kweli ipo. Kwa lugha ya miongozo, ni pumu inayobaki bila kudhibitiwa ingawa mgonjwa anatumia sawasawa kipimo kikubwa cha steroidi ya kuvuta pamoja na dawa ya kufungua ya muda mrefu, au inayochacha mara tu dawa hizo zinapopunguzwa. Makadirio ya Uholanzi, yanayonukuliwa na miongozo ya kimataifa, ni kwamba wenye hali hiyo ni karibu wanne tu katika kila wagonjwa mia moja wa pumu. Kabla hatujamwingiza mtu katika wanne hao, tuna wajibu wa kujiuliza maswali kadhaa.

Je, anaipata dawa ya kinga, na anaitumia kila siku? Wengi huiacha wanapopata nafuu, au huiogopa kwa sababu wameambiwa kuwa inhela humfanya mtu awe mtumwa wake. Haina uraibu. Aliyeizoea na akaiacha hubanwa tena kwa sababu uvimbe umerudi, kama vile shinikizo la damu linavyorudi kwa aliyeacha vidonge vyake.

Je, anajua kuivuta? Kopo likibonyezwa kabla au baada ya pumzi, dawa huishia kooni. Dawa hii ya gharama inapotea hivyo kila siku, ilhali suluhisho lake ni chupa. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili mdomo wa inhela uingie barabara, hufanya kazi sawa na kifaa cha kununua dukani. Mgonjwa hufumbata mdomo wa chupa kwa midomo yake, hubonyeza mara moja, huvuta taratibu, kisha husukutua kinywa ikiwa dawa ni steroidi. Sioni sababu ya zahanati yoyote kukosa chupa ya maji iliyokwisha kunywewa.

Je, ni pumu kweli? Kikohozi cha muda mrefu katika nchi yetu hupelekwa kwanza kwenye kifua kikuu, na ni sawa kipimwe. Lakini wapo waliomeza dawa za kifua kikuu wakiwa na pumu, na wapo waitwao wenye pumu wakiwa na moyo ulioshindwa au mapafu yaliyoharibiwa na tumbaku na moshi wa kuni. Kuchanganya huku kumezaa pia imani kwamba pumu huambukiza, hata mgonjwa akatengewa kikombe chake. Pumu haiambukizi.

Je, anavuta hewa gani? Jiko la mafiga matatu lisilo na pa kutolea moshi, godoro kuukuu lililojaa wadudu wa vumbi, kuta zenye ukungu wakati wa masika, na vumbi la mkonge kwa wanaofanya kazi viwandani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania ulithibitisha kwamba kazi ya kuchakata zao hili huandamana na dalili za kifua. Dawa haiwezi kushindana kila siku na moshi unaozalishwa chini ya paa moja na mgonjwa.

Tukishajibu maswali hayo ndipo tuzungumze juu ya mwendo na kazi. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2013 yalionyesha kuwa wenye pumu waliofanya mazoezi kwa mpangilio waliongeza nguvu za moyo na mapafu bila pumu yao kuzidi. Mwili usiotumika huchoka upesi. Misuli dhaifu hudai hewa nyingi kwa kazi ndogo. Mgonjwa huhema akipanda ngazi tatu na kudhani ni pumu imezidi. Hapo hukaa zaidi, na kadiri anavyokaa ndivyo anavyodhoofika. Sisi tuliomkalisha tumeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Mfano wa Afrika Mashariki ni Haile Gebrselassie wa Ethiopia, mkimbiaji wa masafa marefu mwenye pumu. Mwaka 2008 alijiondoa katika marathoni ya Olimpiki ya Beijing, akihofia hewa chafu ya mji ule. Hakuacha kukimbia. Alishindana hukohuko Beijing katika mita 10,000 na kumaliza wa sita, na tarehe 28 Septemba mwaka huohuo, mjini Berlin, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59. Simfananishi na mgonjwa wa pumu kali. Ninachokiona kwake ni namna ya kuamua: aliujua ugonjwa wake, akaipima hewa, akaupima muda ambao angeivuta, kisha akachagua.

Mkulima wa Maramba hana Beijing na Berlin za kuchagua, lakini anayo machaguo yake. Anaweza kupalilia asubuhi na kuwaachia wengine siku ya kuchoma shamba. Anaweza kupanda na kuvuna, akaepuka kupepeta nafaka penye vumbi bila kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Anaweza kuanza kazi taratibu kwa dakika kumi hadi kumi na tano ili mapafu yazoee, na kuvuta dawa ya kufungua robo saa kabla ya kupanda mlima ikiwa tabibu wake amemwelekeza hivyo. Inhela ikae kiunoni. Iliyoachwa nyumbani haimsaidii aliye shambani. Akipatwa na mafua, ambayo ndiyo kichocheo kikubwa cha mashambulizi, apunguze kazi siku hizo na afuate maelekezo ya kuongeza dawa. Hata yule wa wanne katika mia anaweza kuishi hivi, kwa mwendo mfupi zaidi na mapumziko mengi zaidi. Dawa mpya za sindano zilizobuniwa kwa ajili yake, kama omalizumabu, bado ziko mbali na mfuko wa Mtanzania wa kawaida, na hiyo ni sababu nyingine ya kutomnyima kile kinachowezekana.

Najua pingamizi litakalotolewa na wenzangu: itakuwaje akizidiwa shambani, mbali na Hospitali ya Bombo, na barabara imelowa? Hofu hiyo ni ya haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 pumu iliwapata watu milioni 262 na kuua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Lakini kukaa barazani hakumkingi mtu asiye na dawa ya kinga. Shambulio humfuata kitandani, tena saa nane za usiku. Kinachomkinga ni dawa ya kila siku na mpango ulioandikwa kwa Kiswahili, unaojulikana na jamaa zake. Mpango huo useme wazi: asipoweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikigeuka rangi, au nafuu ya dawa ya kufungua isipodumu, apewe salbutamoli kwa chupa, mipulizo minne hadi kumi kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza, na safari ya hospitali ianze mara moja bila kungoja mipulizo iishe.

Pingamizi la pili ni gharama. Ni kweli kwamba inhela ya kinga ni ghali kuliko vidonge, kwa mtazamo wa siku moja. Hesabu ya mwaka ni nyingine: nauli za usiku, siku za kulazwa, vibarua vilivyopotea, mtoto aliyekosa shule. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Steroidi za kuvuta zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nchi yetu imepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwa upande wa pumu, kipimo changu cha sheria hiyo ni chepesi: je, mkulima wa Maramba ataikuta dawa ya kinga katika kituo kilicho karibu naye, mwezi baada ya mwezi, bila kulazimika kuifuata mjini?

Shule nazo zina sehemu yao. Mwanafunzi mwenye pumu huondolewa kwenye michezo na kukalishwa chini ya mwembe, huku inhela yake ikifungiwa ofisini mwa mwalimu. Ingefaa iwe kinyume: inhela awe nayo mwenyewe, acheze, na mwalimu ajue la kufanya akibanwa. Mtoto anayejifunza kuwa mwili wake haufai huibeba imani hiyo hadi utu uzima.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu katika zahanati na vituo vya afya tuliache lile agizo fupi la "usifanye". Kabla ya kuandika neno "kali" kwenye kadi ya mgonjwa, tuandike dawa ya kinga, tumwangalie akiivuta mbele yetu, na tumuulize anafanya kazi gani na anataka kuendelea kufanya nini. Kisha tupange naye namna ya kuifanya. Na wewe msomaji mwenye pumu, ukienda kliniki safari ijayo, peleka inhela zako zote na uulize swali moja: ipi kati ya hizi ni ya kinga? Kama haimo, hapo ndipo matibabu yako yanapaswa kuanzia.