UTP ilishindwa sokoni kabla ya kushindwa kwenye kura

WATU wengi wamezoea kusikia kwamba TANU ilishinda uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kwa sababu ya hotuba za Mwalimu Julius Nyerere. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu nyingine, ambayo haizungumzwi sana, ni kwa nini mpinzani wake, United Tanganyika Party (UTP), alianguka vibaya ilhali alikuwa na karibu kila kitu ambacho chama cha siasa hutamani kuwa nacho. Sisi tunaamini habari hiyo inawahusu wafanyabiashara na wakulima kuliko watu wengine, na mahali pa kuanzia kuisimulia ni Kariakoo.

UTP iliundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana, Sir Edward Twining. Waasisi wake walikuwa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na miongoni mwa wafuasi wake walikuwamo wenye mashamba makubwa na wafanyabiashara wenye mitaji. Chama kilikuwa na fedha, kilikuwa na magari, na kilimleta mtaalamu kutoka Uingereza aje kukisaidia kuendesha kampeni. TANU kwa upande wake ilikuwa ikinyimwa usajili wa matawi katika baadhi ya wilaya, na mwaka 1957 Mwalimu mwenyewe alizuiwa kwa muda kuhutubia mikutano ya hadhara.

Hata kanuni za uchaguzi zilielemea upande wa UTP. Ili mtu aandikishwe kupiga kura ilimpasa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na wadhifa unaotambuliwa na serikali. Mkulima wa kawaida na mchuuzi wa mchicha hawakuwamo. Katika nchi yenye watu wanaokaribia milioni 9, walioandikishwa walikuwa takriban 60,000 tu. Tena kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asipofanya hivyo kura yake iliharibika. Hii ndiyo iliyoitwa kura tatu.

Haki inatutaka tuseme kwamba hoja ya UTP haikuwa ya kipuuzi. Chama hicho kilipokea wanachama wa rangi zote, wakati TANU ya miaka ile ilikuwa ya Waafrika peke yao. UTP ilisema nchi itajengwa na watu wote kwa pamoja. Kasoro ilikuwa katika hesabu yake ya ushirikiano. Sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu wapatao 20,000, lakini UTP ilitetea mpango wa kugawana viti sawa kwa sawa. Mtu yeyote anayeshika mizani sokoni anajua kuwa hayo si mauzo ya haki.

Sasa tuje Kariakoo. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 katika jengo la Mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba, hatua chache kutoka sokoni. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wake, alikuwa ndiye msimamizi wa soko la Kariakoo. Kwa hiyo chama hakikuhitaji kutuma mtu kwenda kuuliza wananchi wanalalamikia nini, kwa kuwa malalamiko yalipita mlangoni kila asubuhi pamoja na mizigo. Watu wenye uwezo kama John Rupia na Dossa Aziz walikichangia fedha. Bibi Titi Mohamed, aliyejulikana mjini kwa uimbaji wake katika kikundi cha ngoma, alipita nyumba kwa nyumba na kikundi kwa kikundi akiwaandikisha kina mama, wengi wao wauza vitumbua, maandazi na pombe, watu ambao hakuna chama kingine kilichowahesabu.

Mizigo yenyewe ilikuwa na habari zake. Mboga na matunda ya Kariakoo yalitoka kwa sehemu kubwa milima ya Uluguru, na huko serikali ilikuwa ikiwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwa nia ya kuzuia mmomonyoko. Nia inaweza kuwa ilikuwa njema, lakini kazi ilikuwa ngumu, rutuba ya juu ilifukiwa, na hakuna aliyemuuliza mkulima. Mwaka 1955 Waluguru walikataa, ghasia zikatokea, mtu mmoja akapoteza maisha, na hatimaye mpango ukaachwa. Usukumani nako wafugaji walilazimishwa kupunguza mifugo yao, na mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga maamuzi ya serikali. Wakati huohuo wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walikuwa wamekwishaunda shirikisho lao la ushirika mwaka 1955 ili kujikomboa kutoka kwenye mizani ya walanguzi.

Hapo ndipo UTP ilipopoteza uchaguzi. Haikuwa imechimba yenyewe matuta wala kuuza ng'ombe wa mtu. Lakini wananchi walikijua kuwa ni chama cha Gavana, na Gavana ndiye aliyekuwa na bwana shamba mwenye amri. Chama kilichotaka kura za nchi ya wakulima hakikuwa na la kuwaambia kuhusu jembe, mifugo wala bei ya pamba.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora na kuamua, baada ya mabishano makali, kushiriki katika kura tatu. Wapo waliokataa, na Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake cha ANC. Lakini uamuzi ule uligeuza silaha ya serikali. Waafrika ndio waliokuwa wengi miongoni mwa walioandikishwa, na kwa kuwa kila mmoja alilazimika kuchagua pia Mwasia na Mzungu, TANU iliweza kuamua ni Mwasia yupi na Mzungu yupi aingie. Ndivyo walivyopita Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson, ambaye mwenyewe alikuwa mkulima. Awamu ya kwanza ilifanyika Septemba 1958 na UTP ikaangushwa. Ilipofika awamu ya pili, Februari 1959, viti vingi havikuwa hata na mpinzani. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na UTP ilikuwa imekwishasahaulika.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu kosa la UTP halikufa pamoja nayo. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa wakilalamikia utaratibu wa kusajili stoo na kamatakamata ya watu wa kodi. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa ilibidi aende Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Hatusemi kwamba kila lalamiko la mfanyabiashara ni halali, kwani kodi lazima ilipwe na kila nchi huishi kwa kodi. Tunasema kwamba anayetunga kanuni angeanzia sokoni asingelazimika kwenda huko baadaye kuzima moto.

Hali ni hiyohiyo kwa mkulima. Anasikia redioni kwamba zao lake limezuiwa kuuzwa nje, au kwamba litauzwa kwa utaratibu mwingine msimu huu, wakati mbegu ziko ardhini na deni la mbolea liko dukani. Akiuliza anajibiwa kuwa ni kwa faida yake. Mluguru wa 1955 aliambiwa maneno hayohayo.

Rai yetu kwa vyama vyote, kinachotawala na vya upinzani, ni kwamba visingoje msimu wa kampeni ndipo viulize bei ya gunia la mahindi. Na rai yetu kwa wakulima na wafanyabiashara ni kwamba wasiache kusema kupitia vyama vyao vya ushirika na jumuiya zao. Aliyeandikishwa mwaka 1958 alikuwa mmoja kati ya watu zaidi ya mia moja, lakini alikwenda kituoni na maneno ya jirani zake wasio na kura. UTP ilikuwa na fedha, kanuni na Gavana, na yote hayo hayakutosha.