Kamera ya babu haihitaji msasa

MATANGA yakishaanuliwa, ukoo hukaa kikao. Shamba la chai kule Rungwe lina mipaka yake, nyumba ya Iringa mjini ina hati, ng'ombe wanahesabika. Ugomvi unaweza kuanzia kwenye sanduku la chini ya kitanda. Mna redio mbovu, saa iliyosimama, na kamera ya chuma ndani ya mkoba wa ngozi. Baba mdogo anasema ni takataka. Mjukuu aliyetoka chuo anasema ameona kwenye simu kamera kama hiyo ikiuzwa mamilioni. Shangazi amenyamaza, ingawa ndiye anayekumbuka nani na nani walipigwa picha na kamera ile.

Kikao cha namna hiyo kinaweza kuwa Mafinga, Tukuyu, Mbalizi au Tosamaganga. Kamera ya zamani huweza kufika nyumbani kwa njia nyingi: mwalimu aliachiwa na mmisionari, daktari alirudi nayo kutoka masomoni Urusi, karani aliinunua kwa akiba yake. Kabla mtu hajaiuza, hajaisugua wala kuipaka rangi, familia inafaa ijue imeshika nini.

Madirisha yaliyo juu ya lenzi

Kamera zinazogombaniwa zaidi ni zile zinazoitwa renjifainda. Mpiga picha hachungulii kupitia lenzi. Anachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, na ndani yake anaona taswira mbili za mtu mmoja. Akizungusha lenzi, taswira hizo husogeleana mpaka zikawa moja. Hapo ndipo umbali umepatikana na picha haitatoka na ukungu.

Zilizoleta jina ni Leica, za kampuni ya Ernst Leitz ya mji wa Wetzlar, Ujerumani. Ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1925, na Leica II ya mwaka 1932 ndiyo iliyokuja na kipimo hicho cha umbali ndani yake. Leica M3 ilitoka mwaka 1954, mwaka uleule fuvu la Chifu Mkwawa liliporudishwa Kalenga. Wasovyeti nao walianza kutengeneza nakala ya Leica mwaka 1934 huko Kharkiv, wakaiita FED. Baada ya vita ikaja Zorki, kutoka Krasnogorsk karibu na Moscow. Wajapani walileta za kwao, ikiwamo Yashica Electro 35 ya mwaka 1966.

Rangi ina maana yake

Kamera hizi hazikuvaa nguo moja. Leica za mwanzo zilipakwa rangi nyeusi juu ya shaba ya njano, na sehemu ndogondogo zikapigwa nikeli. Baadaye kromu ya rangi ya fedha ikawa ndiyo ya kawaida, kwa kuwa haichubuki upesi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili baadhi ya Leica IIIc zilitoka kiwandani zikiwa za kijivu. Jeshi la Ujerumani Magharibi lilipewa M3 za kijani cha mzeituni. Baadaye sana kampuni hiyo ilitoa matoleo ya kijani ikayaita kwa neno la Kiswahili, Safari.

Ndiyo maana kamera mbili za aina moja, zilizotengenezwa miaka inayokaribiana, zinaweza kupishana bei mara kadhaa. M3 ya kromu zipo nyingi. M3 iliyopakwa nyeusi kiwandani ni adimu, na wakusanyaji huigombania. Wajanja wanalijua hilo, hivyo huchukua ya kromu wakaipaka nyeusi. Aliyezoea huikagua namba iliyochongwa juu, kwa sababu namba za Leica hufuata mwaka na aina. Za M3, kwa mfano, zinaanzia 700000.

Inayong'aa kuliko zote

Kamera inayostahili kutiliwa shaka kwanza ni ile ya dhahabu. Leitz walitengeneza kweli Leica za dhahabu zenye ngozi ya mjusi, karibu mwaka 1930, lakini hazikufika 100. Nyingine zilitoka mwaka 1979, kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Oskar Barnack aliyeibuni Leica. Zinazozagaa sokoni zikiwa na rangi ya dhahabu, mbao za kupendeza au alama za jeshi la Hitler kwa kawaida ni FED na Zorki zilizovalishwa upya na kuchongwa jina la Leica.

Kuna njia rahisi ya kuzitambua zile za lenzi ya kuzungusha kwa nyuzi za skrubu. Lenzi ikifunguliwa, juu ndani ya tundu huonekana kijichuma kinachogusa mgongo wa lenzi. Kwenye Leica ya kweli kijichuma hicho kina kigurudumu kidogo cha mviringo. Kwenye FED na Zorki ni kipande kisichozunguka, kama kabari. Mjukuu anaweza kukitazama kwa tochi ya simu kabla ukoo haujagombana kwa ajili ya mamilioni yasiyokuwapo.

Hiyo haina maana kwamba Zorki ni aibu. Zorki iliyobaki na jina lake, yenye mikwaruzo ya mikono ya mwenyewe, ni mali halali na bado inaweza kupiga picha. Iliyovalishwa dhahabu imepoteza hata jina lake.

Kuitunza ni kuiacha

Kijana mwenye nia njema huweza kuharibu kwa saa moja kilichotunzwa kwa miaka 50. Anaona rangi nyeusi imechubuka kwenye kona na shaba ikachungulia, anachukua msasa na kopo la rangi ya kupulizia. Kwa mkusanyaji, mchubuko huo ni ushahidi kwamba rangi ni ya kiwandani na kamera ilifanya kazi. Rangi mpya ya mtaani huishusha bei badala ya kuipandisha. Kitambaa laini kikavu na brashi ndogo vinatosha. Petroli, dawa ya kung'arishia shaba na mafuta ya cherehani visiikaribie.

Adui mkubwa upande wa Mbeya, hasa Rungwe kwenye mvua nyingi, ni unyevu. Mkoba wa ngozi hunyonya maji, na kuvu huota kwenye kioo cha lenzi kama utando wa buibui. Ni heri kamera ikae nje ya mkoba, mahali pakavu penye hewa, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Upande wa Iringa kuna vumbi, na kuna jua la dirishani. Leica, FED na Zorki zina pazia la kitambaa nyuma ya lenzi. Lenzi ikiachwa wazi ikitazama jua, pazia hilo hutoboka.

Huenda babu bado yumo ndani

Jambo la kwanza kabisa ni kutofungua kamera. Kwanza izungushwe taratibu ile nobu ya kurudishia mkanda, kufuata mshale wake. Ikigoma kidogo, kama kuna kitu kinavutwa, basi huenda mkanda ungali ndani. Mwanga ukiingia, picha zimekwenda. Mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe unaweza kusafishwa hata baada ya miongo kadhaa ukatoa sura za watu. Atafutwe mpiga picha wa zamani anayejua kazi ya chumba cha giza, naye aambiwe wazi kwamba mkanda ni wa miaka mingi.

Kisha litafutwe boksi la negativu, kwani ndilo lenye urithi wenyewe. Kule Unguja, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Wageni waliofika pale walikwenda kutazama sura za Wazanzibari ukutani. Kamera iliyozipiga, iwe nyeusi au ya kromu, haikuwa ndiyo iliyowavuta.

Kwa hiyo msimamizi wa mirathi aandike kamera kwenye orodha kwa jina na namba yake, lakini negativu asizigawe. Zikae kwa mtu mmoja, na kila tawi la ukoo lipewe nakala. Kabla ya hapo shangazi akalishwe na daftari, picha moja baada ya nyingine, ataje majina. Kamera inaweza kungoja mnunuzi mwaka mzima bila hasara. Kumbukumbu ya shangazi haingoji.