Kijana, kaanga yai lako kabla ya kutoka keja

Pita stejini Githurai au Kayole kabla ya saa moja asubuhi. Utawapata mabarobaro kwa vipusa, mashati yamepigwa pasi, viatu vinang'aa, wamezingira toroli la smokie na mayai ya kuchemsha. Wanakula wima, jicho moja kwa makanga. Hatuna ugomvi na mwenye toroli. Naye anasaka riziki. Ugomvi wetu ni na wewe uliyeacha meko na mayai manne kwenye keja, kisha ukaja kununua kitu ulicho nacho nyumbani.

Hebu piga hesabu. Yai la dukani ni kama shilingi 15 hadi 20. La toroli, likishapasuliwa na kutiwa kachumbari, ni 30 au zaidi. Ukila mawili kila siku ya kazi, tofauti hiyo kwa siku 22 ni shilingi 440 au zaidi. Toa za gesi na mafuta, bado utabaki na chenji, na hapo hatujagusa chai na mandazi.

Lakini pesa si hoja yetu kuu. Kuna jamaa wa miaka 27, ana kazi na digrii, ila mshahara ukichelewa wiki moja analala njaa kwa sababu hajui kupika hata yai. Ati jikoni ni kwa wanawake! Mbona basi anayemkaangia mayai na chapo pale kibandani ni mwanamume mwenzake, na hakuna anayemcheka? Wengine wanangoja kuoa ndipo wale kiamsha kinywa. Huyo hatafuti mke, anatafuta mpishi asiyelipwa.

Kazi yenyewe haifiki dakika kumi. Pasha kikaangio kwa moto wa wastani, tia kijiko kimoja cha mafuta. Yakianza kufuka moshi, umepitiliza: ute utaungua kingo na kuwa mgumu kama plastiki, kiini kikiwa bado kibichi. Pasulia yai kwenye kikombe kwanza. Likiwa limeoza, utatupa moja tu badala ya kuharibu yote. Mimina polepole, nyunyiza chumvi, kisha funika, hata kwa sahani ya bati kama huna kifuniko. Mvuke utaivisha sehemu ya juu bila kuligeuza.

Ukipenda nyanya, kitunguu na hoho, kaanga hivyo kwanza hadi maji ya nyanya yakauke. Hapa ndipo wengi huharibu, wakaishia na supu ya mayai. Dania iingie mwisho.

Na lile yai lililokaa kwenye trei hadi umesahau ulinunua lini? Litumbukize kwenye maji. Likizama na kulala, ni freshi. Likisimama wima, lina siku zake lakini bado huenda likafaa, lipasue, ulinuse. Likielea, tupa, wala usijaribu bahati.

Ukimaliza, osha kikaangio papo hapo, kabla mafuta hayajaganda. Usijiambie utakiosha jioni. Jioni utarudi umechoka na jam ya Thika Road, na kikiamkia kichafu kwenye sinki, kesho hutapika.