Saa za Kurekebisha Mashine Nazo ni Saa za Kazi

Katika miezi hii tumewatembelea wenzetu kadhaa hapa Lubaga, kutoka Ndeeba na Kabowa mpaka Nateete na Lungujja, ambao wamenunua mashine ndogo za kuchonga chuma na kuziweka nyumbani. Wengine wameziweka katika chumba cha nyuma, wengine chini ya kibanda cha mabati karibu na jiko. Ni mashine zile ambazo mafundi huziita milingi. Jina hili huleta kichekesho hapa Kampala, kwani ukimwambia jirani kwamba umenunua milingi, kesho yake atakuletea gunia la mahindi. Basi tuseme wazi kwamba hatuzungumzii mashine ya posho. Twazungumzia mashine ambayo chuma hufungwa juu ya meza yake, kisu kikazunguka, na meza ikisukumwa kwa mkono chuma huchongwa. Ndiyo ichongayo mfereji wa kii kwenye shafti, ule unaozuia puli isizunguke peke yake. Na hiyo mashine ya posho, ikivunjika shafti kule Kisenyi, itamhitaji mwenye milingi.

Sisi tunafurahi kuona mfanyakazi akimiliki chombo chake. Lakini kuna jambo tuliloliona ambalo halikutufurahisha.

Mwenzetu mmoja wa Kabowa alitufungulia daftari lake. Katika juma moja alisimama mbele ya mashine siku sita, na fedha alizopokea zilikuwa za kazi ya siku mbili. Tulimwuliza siku nne nyingine alifanya nini. Akajibu, "Nilikuwa narekebisha mashine tu." Neno hilo "tu" ndilo lililotufanya tuandike.

Mashine hizi za bei nafuu, ambazo nyingi hutoka China, hazifiki zikiwa tayari kwa kazi. Afadhali mnunuzi ajue hivyo tangu mwanzo. Hufika zimepakwa grisi nzito ya safarini, na chini ya grisi hiyo mara nyingi mna vumbi la chuma na kingo kali ambazo kiwandani hawakuzilainisha. Fundi mwenye akili huifungua yote, akaiosha kwa mafuta ya taa, akapitisha tupa laini, akaipaka oili na kuifunga upya. Kazi hiyo pekee yaweza kumaliza siku mbili.

Halafu huja kabari. Kila meza huteleza katika njia zake, na pembeni mna kabari nyembamba ya chuma inayobanwa kwa skrubu tatu au nne. Ukiilegeza, meza hutetemeka na chuma hutoka na mawimbi kama bati la nyumba. Ukiibana mno, mkono hauwezi kuzungusha gurudumu. Hapana budi kuibana kidogo kidogo, ukisukuma meza mwanzo hadi mwisho kila mara, mpaka iende bila kutikisika wala kukwama. Na baada ya majuma machache ya kazi utairudia tena.

Kuna pia mchezo wa skrubu ndefu inayosukuma meza. Wazungusha gurudumu na meza haiendi, mpaka skrubu ishike upande wa pili. Mchezo huo hauishi wote katika mashine ya bei hii, bali hupunguzwa, na fundi hujifunza kufika kwenye kipimo akitoka upande ule ule kila mara. Vijana wanaojifunza kwenu waelezwe jambo hili kabla ya mengine yote: chuma kisukumwe kikipinga mzunguko wa kisu. Kikifuata mzunguko, kisu hukidaka na kukivuta kwa kadiri ya ule mchezo, na hapo kisu huvunjika na vipande huruka machoni.

Mwisho ni kukisimamisha kichwa wima. Hufungwa geji yenye uso kama wa saa, ikazungushwa juu ya meza kushoto na kulia, mbele na nyuma. Ikionyesha tofauti, kichwa kimeinama, na kila uso utakaochongwa utakuwa na ngazi. Mzee mmoja wa Ndeeba alituonyesha namna anavyokata bati la kopo la soda, ambalo unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, akaliweka chini ya nguzo mpaka mshale wa geji ukatulia. Alianza saa tatu asubuhi, akamaliza adhana ya alasiri ikilia. Mteja alikuwa amekaa kwenye benchi akinung'unika kwamba fundi hafanyi kazi.

Ndugu, huyo mzee alikuwa akifanya kazi! Katika karakana kubwa, kama ile ya reli ya Nalukolongo iliyo humu humu Lubaga, kazi ya kutunza mashine ina watu wake. Husafisha, hubana, hupima, na mwisho wa mwezi hupokea mshahara ijapokuwa wao wenyewe hawakuchonga hata boliti moja. Hakuna awaambiaye kwamba walikuwa wakitengeneza mashine tu. Iweje kazi ile ile ikifanywa nyumbani iwe ya bure?

Wapo wanaofaidika na ubure huo. Kampuni inayompelekea fundi shafti kumi nyumbani kwake haimnunulii kisu, haimlipii Yaka, wala haibadilishi kadi ya umeme ya mashine ikiungua kwa sababu stima imepanda na kushuka. Akikatwa kidole itasema yeye ni mwenye biashara, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 humsaidia aliyeajiriwa. Katika NSSF mwajiri hutoa asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi 5. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 fundi aweza kujiwekea akiba kwa hiari yake, lakini ile 10 hana wa kumtolea.

Wenzetu wengine walitupinga. Walisema tukipandisha bei wateja watavuka kwenda Katwe. Hofu hiyo twaielewa, kwani mwenye watoto hawezi kula msimamo. Lakini Katwe haikupata jina lake kwa bei rahisi peke yake. Baada ya mwaka 1972, Amin alipowafukuza Waasia na spea zikawa adimu nchini, watu waliwakimbilia mafundi kwa kuwa spea waliyoichonga ilirudisha gari barabarani. Tena, na hili tulisema bila kuficha, wako miongoni mwetu wasiorekebisha kabisa. Huitoa mashine katika sanduku leo na kesho wanauza kazi iliyopinda kwa nusu ya bei. Hao ndio wanaotushusha kuliko Katwe.

Rai yetu ni kwamba bei ya kila kipande iwe na fungu la marekebisho ndani yake. Tuseme fundi amechonga saa nane kwa juma na kurekebisha saa nne. Basi kila saa ya kuchonga ilipwe kama saa moja na nusu. Fungu hilo lisipunguzwe kwa mteja yeyote, awe jirani au kampuni, na tulitaje sote kwa kauli moja.

Hesabu hii hatutaki kuitunga ofisini. Kila mwenye mashine aandike saa zake kwa mwezi mmoja, za kuchonga upande huu na za kurekebisha upande huu, aje na daftari kwenye mkutano wa tawi. Asiyejua kuandika amtume mtoto wake amwandikie. Geji ya yule mzee wa Ndeeba nayo itakuwapo, amekubali kuiazima kwa zamu, ila irudishwe katika boksi lake.